Karatasi ya Sigara Kwenye Fyuzi

Nakumbuka asubuhi moja pale Makindu, mwanangu, wakati bado nilikuwa na nywele kichwani na maneno mengi mdomoni. Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu kwenye gereji ya Mzee Mulwa, kando ya barabara ya Mombasa, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Hata mama yangu mzazi alikuwa amechoka nami.

Adan, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tseikuru, alituletea pikapu yake. "Fundi, likisimama linanguruma vizuri, halafu ghafla linazama kama limebebeshwa gunia. Baada ya kidogo linarudi sawa." Alikuwa na haraka. Mama yake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, ameketi pale kwenye benchi amefungwa bandeji, na Adan alikuwa amemtandikia godoro nyuma alale hadi nyumbani. Njia ya Tseikuru ya enzi zile, wewe huijui.

Sikufikiri. Nilichukua bisibisi, nikazungusha skrubu ya kabureta kuongeza mwendo wa injini, na gari likaacha kuzama. Nikafunga boneti kwa kishindo. "Nendeni salama," nikasema.

Mzee Mulwa hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuja polepole, akafungua boneti, akairudisha skrubu pale ilipokuwa. Injini ikaanza tena kuzama na kuinuka.

"Kijana, injini imekwambia ina mzigo. Wewe umeiongezea nguvu ibebe. Mzigo wenyewe uko wapi?"

Asi! Masikio yaliniwaka, tena mbele ya mteja.

Akaniambia niweke bisibisi chini, nisikilize. Nikasikiliza kwa hasira, lakini nikasikiliza. Kila injini ilipozama, mkanda wa feni ulilia kidogo na taa ya dashibodi ikafifia. Nikautoa mkanda, nikawasha gari kwa muda mfupi tu. Injini ikatulia tuli. Basi mzigo ulikuwa ukipitia kwenye ule mkanda. Pampu ya maji niliizungusha kwa mkono, ikawa laini. Ikabaki altaneta, ile inayochaji betri. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme kwa vipindi, na altaneta ikawa inaielemea injini kila mara. Nikarudisha mkanda, nikawasha, nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Nilipochomoa ya taa za nyuma, kuzama kukaisha.

Hapo ningepiga kifua. Badala yake nilitokwa na jasho, kwa sababu fyuzi ile ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na aliyeizungushia ni mimi. Mwezi uliotangulia Adan alikuwa ameliacha gari kwetu akaenda zake; fyuzi iliungua, hatukuwa na nyingine, nami nikafanya ule ujanja wetu mafundi wa kando ya barabara. Nilijisifu siku nzima. Sikujiuliza hata mara moja iliungua kwa nini, ilhali kazi ya fyuzi ni kukata umeme kabla waya haujashika moto. Mimi niliinyima nafasi ya kukata.

Nikafuata waya hadi nyuma, nikainua godoro. Waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati hadi shaba ikatokeza, na kila gari lilipotikisika uligusa chuma. Godoro lilikuwa na doa la kuungua, kubwa kama kiganja.

Adan hakujua nani alifanya vile. Mzee Mulwa alijua, akaniangalia tu. Ningeweza kusema ni mbuzi waliotafuna waya, na angeamini. Nikasema, "Adan, karatasi hii niliiweka mimi. Mama yako angeungua kwa mkono wangu."

Adan alikunja uso, akamgeukia Mzee Mulwa. "Nitafutie fundi mwingine."

Yule mama akauliza kutoka kwenye benchi, "Nani huyo amesema ni yeye?"

"Ni huyu fundi aliyeharibu, mama."

"Basi atengeneze huyo huyo. Huyo hatanificha kitu."

Nilitengeneza. Niliweka waya mpya, nikaupitisha ndani ya mpira, nikatafuta fyuzi ya kweli duka kwa duka. Gari lile lilirudi kwangu miaka yote, na Adan hakuruhusu mtu mwingine afungue boneti. Ninaringa mpaka leo, na sioni haya.

Sasa mwanangu unafungua gereji yako huko Wote. Gari likizama, usikimbilie skrubu; tafuta kwanza kinacholielemea. Fyuzi ikiungua, uliza imeungua kwa nini. Na ukikuta ni mkono wako ulioharibu, sema kabla hujaulizwa, hata kama mteja amekunja uso. Mungu akupe masikio ya kusikia injini na moyo wa kusema ni mimi, na kila atakayelala nyuma ya gari ulilolitengeneza aamke nyumbani kwake.