Miguu ya Mianzi

Kamera ilikuwa nzito kuliko kitu cha kuisimamisha. Hilo lilimnyima raha Najat Sadalla masika yote, katika chumba chake cha picha pale Tukuyu mjini. Aliinunua kwa mpiga video mmoja wa Mbeya aliyechoka na kazi: pande la kamera, lenzi yake nene kama mchi. Stendi aliyokuwa nayo ilikuwa ya wasafiri. Ukiikunja inaingia mkobani. Ukiikunjua na kuipandisha juu, inatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo.

Kwaya ya Kyimo ilishamkataa kwa sababu hiyo.

"Dada, video yako inatutia kizunguzungu," mwalimu Lusungu alimwambia. "Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi utufanyie jaribio. Picha ikitulia, albamu ni yako."

Anayepiga albamu ya kwaya ile ndiye anayeitwa kwenye harusi za Kyimo, na vipaimara, na kila shughuli. Najat alikuwa akiishi kwa picha za pasipoti, katika miaka ambayo kila mtu ana kamera mfukoni. Akiikosa kwaya, alijua, atafunga chumba na kurudi kupima vitambaa kwenye duka la kaka yake.

Basi akaivunja stendi. Alimwita Wilson, kijana aliyezoea kwenda naye harusini, yeye na kamera, Wilson na taa. Waliing'oa ile nguzo ya katikati iliyokuwa ikiyumba, wakaweka bamba la chuma lililokatwa gereji, kamera ikae chini karibu na miguu. Vipande vya mwisho vya miguu, vyembamba kama peni, wakavitupa na kuchomeka mianzi mahali pake. Mianzi ilitoka Lufingo kwa Felista, shangazi yake Wilson, aliyekuwa ameikausha juu ya moshi wa jiko hata wadudu wasiitamani.

"Kateni," Felista alisema. "Ila mkifanikiwa mje mnipige picha na mimi. Nisizikwe bila sura."

Nyayo wakazichonga kutoka tairi la pikipiki, kama viatu vya katambuga, zisizame kwenye udongo wetu huu usiokauka. Chini ya bamba wakafunga ndoano ya kuning'iniza mfuko wa mawe. Walipomaliza, Wilson aliukumbatia mtambo ule na kuuning'inia kwa uzito wake wote. Haukujongea.

"Dada Najat, hii hata ng'ombe anapanda!"

"Mtangulie wewe, tuone."

Walicheka sana siku ile.

Ijumaa, siku moja kabla ya jaribio, Wilson alikuja amevua kofia.

"Shangazi ametutoka."

"Felista?"

"Felista. Tunazika Jumapili. Ndugu wa Dar wanataka video ya msiba wote kuanzia kesho, kamera nimeazima. Miguu ndiyo sina."

Huku Rungwe, kitu kikiombwa kwa ajili ya msiba hakina maswali. Turubai litatoka, masufuria yatatoka, mtu atang'oa hata mlango wake watu wapate pa kukalia. Babu yake Najat alikuja kutoka pwani na cherehani, na kilichowafanya kuwa watu wa hapa hakikuwa cherehani. "Ukikosa harusi watakusamehe," baba yake alikuwa akisema. "Ukikosa msiba, umejihamisha mwenyewe."

"Nitakuja nipige mimi," Najat alisema.

"Hapana, dada. Njoo kama mfiwa, usije kama fundi."

Neno lile lilimliza. Alimpa stendi na mfuko wa mawe juu yake.

Jumamosi asubuhi alijifunga khanga, akachukua unga na sukari. Mwalimu Lusungu hakupokea simu, naye Najat hakuona adabu kumwacha na watu wake wakimsubiri bure. Akapanda bodaboda kupitia Kyimo kwanza, aombe radhi uso kwa uso, ndipo aende Lufingo.

Alisikia kuimba tangu barabarani. Akaingia kanisani na unga wake mkononi.

"Mwalimu, naomba unisamehe, leo sitaweza. Nakwenda msibani. Felista wa Lufingo amefariki."

Wimbo ulikatika. Mama mmoja alishika kichwa, mwingine akakaa chini palepale akilia, "Mwe! Felista!" na kilio kikashika safu nzima ya sauti ya kwanza. Hapo ndipo Najat alipoona miguu ya mianzi katikati ya kanisa, na nyuma yake Wilson, jicho kwenye kamera. Wilson aliwaacha wanawake wale walie.

"Felista yupi?" aliuliza Hellen, mwanakwaya aliyekuwa amechelewa na bado ana kikapu. "Huyu anayeuza maparachichi? Nimemwacha sokoni sasa hivi, ananipunja."

Kilio kikafa. Watu wakamgeukia Wilson.

"Ningekuomba kwa ajili ya kwaya, ungenipa?" Wilson alimwambia Najat, kwa sauti ya chini.

"Ukaona bora umuue shangazi yako."

"Ninyi duka mnalo. Halafu kwaya hii si yako, dada. Wewe si wa hapa."

Najat alimtazama Lusungu. Mwalimu alikuwa akipanga karatasi za nyimbo ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Haya mtayamaliza wenyewe," mwalimu alisema. "Wimbo wa kwanza umeshaingia, na picha imetulia kweli. Kazi ya Mungu isisimame. Mwachie hiyo stendi mpaka jioni, dada, tumalizie."

Hata wale waliokuwa na machozi mashavuni walirudi kwenye safu zao. Najat aliweka unga chini, akafungua skrubu taratibu, akaiweka kamera mikononi mwa Wilson kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto. Kisha akaikunja miguu yake ya mianzi, akatoka.

Albamu ilitoka kabla ya Krismasi. Najat aliiona saluni, kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya vioo. Katika wimbo wa kwanza kila mtu alisimama imara. Kuanzia wa pili, ukuta wa kanisa ulipepesuka na waimbaji nao.

"Huyu kamera yake imelewa," alisema msusi, na wateja wakacheka.

Najat alikuwa amefunga chumba cha picha, na amekuja kusuka nywele za kuanzia kazi kwenye duka la kaka yake. Alisogea kwenye benchi, akasubiri zamu yake.