Mlango Ulioshonwa kwa Usumba

Mtaje Bi Sheikha hapa Kibokoni, utawasikia wajuaji: ah, yule, mwanamke wa maneno, kinywa hakina kifuniko. Nikisikia hivyo hupandwa na hasira mpaka nikasahau nazungumza na nani. Maneno? Bi Sheikha? Mwanamke aliyeosha maiti wa kike wa mtaa wetu tangu mimi sijavunja ungo, na hakuna hata mmoja aliyepata kumsikia akisema fulani alikuwa mnene au fulani alikuwa na kovu! Wambeya walimwandama kwa kahawa na halua. "Bi Sheikha, ati kweli yule marehemu alikuwa na alama mgongoni?" Naye hujibu, "Si mwajua alipozikwa? Nendeni mkamuulize mwenyewe." Halua huila, na habari hawaipati.

Hilo ndilo sharti la mwosha. Aliloliona kwa maiti, likiwa zuri anaweza kulisema, likiwa baya linazikwa. Ndiyo maana watu humwachia mama zao na binti zao wakiwa hawana nguo wala uwezo wa kujitetea. Bi Sheikha hakuwa na mume, alikwisha kufiwa, wala hakuzaa. Alikuwa na chumba kimoja cha chini, kata yake ya kumwagia maji, sabuni yake na karafuumaiti yake, na heshima ambayo wake wa matajiri hawakuipata kwa dhahabu zao zote. Akipita njiani, wanaume walimpisha.

Basi mwaka wa 1909, kaskazi imekausha kila kitu, Bwana Idarus bin Abdulkadir alimwoza binti yake Mona. Bwana Idarus alikuwa mfanyabiashara wa tende na samli. Mkono wake ulikuwa wazi, hilo sitamnyima. Mtu akifiwa, mchele ulitoka kwake. Mtu akioza, mbuzi walitoka kwake. Lakini alipenda jina lake zuri kuliko kitu chochote, na mwaka mmoja kabla ya hapo jina hilo lilikuwa limechafuliwa. Vijana walikuwa wamechungulia ngoma ya wanawake katika harusi ya jamaa yake, kwenye tundu la mkeka, wakatunga nyimbo za nani ana kiuno gani, wakaziimba mpaka Kilindini. Bwana Idarus aliapa kwamba kwa Mona halitatokea.

Nyumba haikutosha wageni, kwa hiyo aliita fundi wa makuti, Menza, Mrabai, mtu mpole, akajenga banda kwenye kiwanja kilicho kando ya nyumba. Nguzo za mikoko, makuti juu, kuta za mikeka na matanga makuukuu. Menza aliacha milango miwili. Bwana Idarus akamwambia auzibe wa nyuma, ukabaki mmoja tu wa mbele. Menza akauziba, kwani afanyeje, mwenye harusi amesema.

Siku ya ngoma mimi nilikuwa ghorofani, namtia Mona hina miguuni. Mdogo wangu Khairiya alikuwa nami, ameolewa mwaka huo huo, hawezi kusikia pembe na matwazi ya ngoma akatulia. "Da Badria, niache nishuke kidogo tu." Nikamfunga leso vizuri, nikamwambia shuka. Alishuka ngazi anacheka.

Ilikuwa baada ya alasiri. Ndani ya banda chetezo cha udi kilikuwa kinapitishwa, kila mwanamke akijifukiza nguo zake, kama ifanywavyo kila harusi. Kaa likaruka, likashika mkeka, na mkeka ukashika makuti. Makuti ya kaskazi, mwenzangu, hayaungui, yanalipuka. Tulisikia vigelegele vimegeuka, tukadhani ni furaha imezidi. Halafu moshi ukaingia dirishani. Waliokuwa upande wa kisimani walipasua mikeka wakatoka, wengine nywele zinawaka. Wanaume wakaja mbio kutoka msikitini na ndoo na mashoka, lakini paa lilikwisha kuanguka. Wanawake kumi na mmoja hawakutoka, na Khairiya wangu ni mmoja wao.

Bi Sheikha aliwaosha wote, kwenye ukumbi wa chini wa Bwana Idarus, na bibi wazee wawili wa kummwagia maji. Wengine hawakuwezekana kuguswa na maji, aliwatayamamisha kwa vumbi. Khairiya hakuwa ameungua sana, aliuawa na moshi. Nilikaa mlangoni mpaka alipotoka, mikono yake imelowa, nikamkamata nguo.

"Mdogo wangu alikufaje?"

"Kwa amri ya Mungu, mwanangu."

"Nakuuliza alikufaje!"

Akaniwekea mkono kichwani. "Sisemi, Badria. Usiniulize."

Nilimtukana siku hiyo. Nilimwita mchawi, nikamwita jiwe. Alikwenda kumwosha mwingine.

Sasa sikiza mji ulivyofanya. Kabla makaburi hayajakauka, maneno yalikuwa tayari. Mlango ulikuwa wazi, walisema. Bwana Idarus kasema ulikuwa wazi, na mtumishi wake Kadenge, aliyewekwa kuulinda, kasema ulikuwa wazi. Ila wanawake, wajua tena, wakiona moto akili huwaruka. Badala ya kutoka mlangoni wamekimbilia ukutani, wamekanyagana wenyewe kwa wenyewe. Na yule Mrabai naye, makuti gani yale aliyoezekea, makavu kama kiberiti! Utadhani kuna fundi aezekaye kwa makuti mabichi. Wazee wa mtaa wakamwita Menza, wakamwambia asitie tena mguu wake kisiwani kufanya kazi, na ashukuru hapelekwi mbele zaidi.

Menza kabla ya kuvuka Makupa kurudi kwao bara alipita kwa Bi Sheikha. Mimi nilikuwa kwangu, mlango kwa mlango, nikamsikia akipiga hodi.

"Mama," akasema, "wasema nimewaua. Sina wa kumuuliza mwingine. Wewe umewashika. Niambie, ni banda langu?"

Bi Sheikha alisimama pale na mkono kwenye komeo. "Nenda salama, Menza," akasema, na akafunga. Siku ile hakuwasha moto wa kupika, wala kesho yake.

Khitma ilisomwa siku ya tatu, kwa Bwana Idarus, pahali pengine hapakuwapo pa kutosha. Wanaume ukumbini, sisi wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Maalim Kamaludin, aliyetusomesha nusu ya mtaa, alimaliza dua, tukaitikia amin. Kisha Bwana Idarus akasimama kushukuru. Akalia, na sidhani alilia uongo. Akasema Mungu ametaka, nani awezaye kuzuia. Akasema, "Mlango ulikuwa wazi, jamaa zangu, lakini ajali haina kinga. Maskini, wameshindwa kuuona."

Karibu yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Na kweli, wapumbavu maskini." Alikuwa anamsema Khairiya. Nikainuka ili nimvue leso, lakini Bi Sheikha alikuwa amekwisha kuinuka mbele yangu. Akajifunika vizuri, uso na yote, akafungua pazia akaingia ukumbini kwa wanaume.

"Masalkheri, Bwana Idarus. Mlango ulikuwa wazi?"

"Bi Sheikha, hapa pana wanaume."

"Nawaona. Mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Basi mbona Khairiya binti Faraj ana usumba wa nazi chini ya kucha zake zote, na kucha nyingine hazipo? Mbona yule wa pili yake meno mawili ya mbele yameng'oka, na nyuzi za kamba zimekwama kwenye yaliyobaki? Hawakukosea njia, Bwana. Walifika mlangoni. Umeshonwa kwa nje kwa kamba ya usumba, na wao wameutafuna."

Mimi nilikuwa nimeshika pazia. Kadenge alikuwa amesimama na birika la kahawa, akatazama chini, akaanza kulia kwa sauti kama anapigwa. Mtu mwenye macho hakuhitaji ushahidi mwingine.

Bi Sheikha akaendelea, sauti haikupanda. "Niliapa kuwasitiri maiti, na miaka yote nimewasitiri. Nanyi leo mwawavua. Mwasema walikuwa wapumbavu, na mtoto wa watu mmemfukuza kazini. Mimi sikutoa aibu ya maiti hapa. Kucha zile si aibu yao. Wala msimsingizie Mungu, Mungu hakushika shazia akashona mlango wa mtu. Sema, Bwana Idarus. Sema uliushonesha wewe, uliogopa wachunguliaji, hukujua. Sema hivyo tu, na mimi narudi ndani nikae kimya mpaka nife."

Wallahi nilidhani atasema. Alifungua kinywa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetaka kutua mzigo. Kisha akatazama barazani, alipokaa baba wa bwana harusi na jamaa zake wote, na akakifunga. Alipokifungua tena alikuwa Bwana Idarus yule yule wa siku zote.

"Mmesikia," akawaambia wanaume. "Mwosha kasimama mbele ya halaiki kutangaza aliyoyaona kwa maiti. Kucha za binti wa watu, meno ya mke wa mtu. Leo ni hao. Kesho ni mama yako wewe, na wangu."

Basi! Moto ulishika hapo, na huo nao ulikuwa wa makuti. Huyu kasema haifai. Yule kasema ni amana, imevunjwa. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyemwosha marehemu mkewe, akakumbuka, akashika kichwa. Wakamgeukia Maalim Kamaludin atoe neno. Maalim akavuta ndevu, akasema kwamba mambo ya dhuluma kwa maiti yana maelezo yake marefu, lakini ingekuwa bora Bi Sheikha angemjia yeye faraghani. Maelezo marefu! Watu kumi na mmoja wamo ardhini, na yeye ana maelezo marefu. Wale bibi wazee wawili waliomwaga maji walikuwa wamekaa nasi chumbani, wameona kila kitu alichokiona, na hawakuinua hata kidole. Walinyamaza hivyo hivyo mpaka kufa kwao. Kahawa ilipozunguka mara ya pili, ukumbi mzima ulikuwa unajadili waosha na adabu zao, na mlango hakuna aliyeutaja.

Nilimfuata nje nikambusu mikono. Nikamwomba radhi kwa matusi yangu. Akasema, "Hukukosea sana, mwanangu. Ningesema siku ile uliponiuliza, Menza angekuwapo asikie."

Hakuitwa tena kuosha. Mtu akifa Kibokoni walimleta mwosha kutoka Kuze, mwanamke mwenye haraka. Bi Sheikha akaoka mikate ya mofa, na hata mikate walimwachia, ikawa ainunuaye ni mimi na wapita njia. Menza hakurudishwa. Mimi nilikwenda Rabai na mume wangu kumweleza yote yaliyosemwa khitmani. Alisikiza mpaka mwisho, akauliza, "Na wao wakasemaje?"

Kaskazi ya pili yake mtaa ukapata harusi nyingine kubwa, kiwanja kile kile, banda jipya la fundi mwingine. Na ngoma ilipoanza, mwenye harusi akaamuru mlango ushonwe. Ndiyo, ushonwe! Wanawake wenyewe ndio waliotaka, wasije kuchunguliwa. Bi Sheikha hakualikwa. Alikwenda kwa miguu yake, akamwambia mwenye harusi kwa adabu zote, bwana, waachie mlango, weka mtu wa kuaminika asimame. Akaambiwa aende zake asilete mkosi. Akazunguka nyuma ya banda, akatoa kisu cha jikoni, akachana mkeka kutoka kifuani mpaka chini, uwazi wa mtu kupita.

Walitoka kama nyuki. Na wa kwanza kutoka alikuwa Shariffa, ambaye mwanawe alikuwa katika wale kumi na mmoja. Nilidhani atamkumbatia. Shariffa akamsukuma kifuani.

"Mwanamke, una nini wewe? Umewasema watoto wetu, hukutosheka, sasa waja kutuvua na sisi? Tutachunguliwa!"

"Shariffa," Bi Sheikha akasema, "mwanao nilimtoa kamba mdomoni kwa vidole vyangu hivi."

"Nyamaza!" Akapiga kelele mpaka ngoma ikasimama. "Nyamaza, nyamaza, nyamaza!" Akaingia ndani ya nyumba, akarudi na shazia na kamba, akapiga magoti pale mchangani na nguo zake za harusi, akaushona uwazi ule kwa mkono wake mwenyewe, mshono baada ya mshono, machozi yanamtoka. Mimi nilimshika bega, akanitikisa.

Bi Sheikha hakugombana naye. Alikaa chini, mgongo kwenye ule mshono, kisu mapajani. Wanawake wakafunguliwa mlango wa mbele wakarudi ndani, nao ukashonwa tena, ngoma ikaanza. Akakaa hapo jua likimpiga, watoto wakimtupia maganda ya machungwa, mpaka mlango wa mbele ulipofunguliwa na mwanamke wa mwisho akatoka. Hapakuwa na moto. Chetezo kilizunguka, udi ulifukizwa, hakuna kaa lililoruka.

Shariffa alimpitia njiani akielekea nyumbani, jasho na asumini, akasimama juu yake.

"Waona?" akamwambia. "Tumekufa?"

Bi Sheikha alikaa hivyo nje ya kila banda la Kibokoni mpaka alipofariki, mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani. Hakuna banda lililoungua tena, na watu wakaona ameshindwa.