Bibi Aliyefuata Kipande cha Jiwe Lake

Walisema sitaweza. Naanzia hapo ili anayenijua asije akadhani nimetunga. Walisema mtoto wa mkulima wa muhogo kutoka Rutamba hawezi kufika Uingereza, akifika hatamaliza, akimaliza atarudi na koti la sufu la kuvalia kwenye joto la Lindi. Mjomba wangu mmoja alicheka mpaka akakohoa. "Kusomea mawe? Mawe hapa tunajikwaa nayo bure."

Nikaenda, nikasoma miaka mitatu, nikarudi na diploma ya elimu ya miamba. Enzi hizo za Mwingereza sikumjua mwenyeji mwingine wa Kusini aliyekuwa nayo. Kwa hiyo haya ninayokueleza hayakumpata mjinga. Yalinipata mimi, saa saba mchana, akili timamu.

Pale Lindi kulikuwa na watu wachache waliokata mawe na kuyang'arisha kwa kujifurahisha tu: daktari mmoja Mzungu, meneja wa shamba la mkonge, na Hasanali, mwenye duka la vitambaa. Waliyakata kwa msumeno wa mviringo, vipande bapa kama slesi za mkate, halafu hawajui wamekata nini. Wakija kwangu nakikwaruza kipande kwa kisu, nakidondoshea ndimu nione kama kitatoa povu, nakisugua kwenye kigae nione unga wake una rangi gani. Kikinishinda kabisa, naonja. Usicheke, ulimi humwambia mtaalamu mengi.

Nami sikuwahi kusema "sijui". Neno hilo nililiacha melini.

Siku moja Hasanali akaniletea kipande chekundu chenye mistari myeupe. Jiwe lenyewe alikuwa ameliokota Kilwa, ndani ya gofu. Alikata kipande hicho kimoja tu, na asubuhi yake jiwe lililobaki halikuonekana tena uani kwake.

"Haya, Bwana Diploma, nipe jina," akasema. "Jumapili wenzangu wanakuja, nataka niwaringie."

Kisu kiliteleza. Ndimu haikutoa povu. Nikasaga ukingo kidogo, unga ukatoka mweusi, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye jiwe jekundu la namna ile. Nikauonja. Haukufanana na kitu chochote nilichowahi kukitia mdomoni. Unadhani nilisema nini? Nilichukua karatasi nikaandika kwa wino, Akiki, lile jiwe la pete, nikaibandika juu yake. Hasanali akafurahi, akaniomba nikae nacho mpaka Jumapili, nije nikieleze mwenyewe mbele ya wageni.

Ijumaa watu wote wakaenda msikitini. Mimi nilibaki katika chumba changu cha kazi, najidai nina shughuli nyingi. Barabara tupu, maduka yamefungwa, jua la utosi. Nilipoinua kichwa, bibi mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, kavaa buibui kuukuu. Mlango sikuusikia.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri. "Asalaam alaikum, bibi."

Na hiyo pia hakuitikia. Wewe uliyelelewa pwani, umewahi kukutana na mtu mzima asiyeitikia salamu ya Mungu? Mwili ulianza kunisisimka.

Akatoa jiwe ndani ya buibui. Jekundu, mistari myeupe, upande mmoja umekatwa. Akachukua kipande cha Hasanali, akakiweka pale palipokatwa. Mistari ilielekeana, lakini haikukutana sawasawa.

"Pamepungua," akasema. Sauti ilikuwa kavu, kama kitu kinachosagwa.

"Ni msumeno, bibi," nikamweleza, na hata katika hofu ile nikajiona mwalimu. "Kila unapopita hula kidogo. Haurudishi."

Akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu. "Nani kalipatia jina?"

"Mimi."

"Ndilo jina lake?"

Wallahi, hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lingenitoa. Lakini nikamfikiria Hasanali, nikamfikiria daktari, nikaona sifa yangu yote mjini ikipukutika kwa mdomo wa bibi mmoja. Nikasema, "Ndilo."

"Toa ulimi."

Sikutaka. Kinywa kilifunguka chenyewe. Akapitisha kidole juu ya ulimi wangu, polepole, toka nyuma mpaka kwenye ncha. Kilikuwa baridi na kikali kama tupa, na mkwaruzo wake niliusikia ndani ya masikio. Akakitazama kidole. Kilijaa unga mweusi, mwingi kuliko ule niliouonja, mwingi kuliko unaoweza kukaa katika kinywa cha mtu. Akaupaka kwenye ule ufa, na jiwe likajifunga kwa mlio mdogo, kama mfuniko unaporudi kwenye chungu. Akalipakata kama mtoto. Sikumbuki alivyotoka.

Hasanali ndiye aliyenikuta, chini ya meza, damu inanitoka mdomoni. Nilimweleza yote.

"Na jiwe?" akauliza.

"Amelichukua."

"Lilikuwa jiwe gani hasa?"

"Sijui," nikasema.

Jioni ile Hasanali aliung'oa msumeno wake, akaufunga kwenye gunia, na hakukata jiwe tena.

Jeraha la ulimi lilipona. Lakini tangu siku ile sijahisi ladha ya chumvi. Kila chakula kwangu ni kile kile, na kila nikimeza nahisi unga. Wazee niliowaambia walitazamana, kisha mmoja akanikumbusha kuwa majini hawali chumvi. Sikumuuliza zaidi.

Basi wewe unayeokota mawe kwenye magofu, yaache yalale. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui mapema, wakati anayekuuliza bado ni binadamu.

Mwaka uliofuata nilimlipa wa mwisho kati ya watu walionikopesha nauli ya meli. Nilichinja mbuzi, nikawaita wote. Walikula mpaka wakalegeza mikanda, wakanisifu mbele ya mji mzima, na mmoja wao akasema, "Pilau hii imekolea chumvi, Bwana. Nani kapika?"

Nikajibu kwamba kweli, imekolea, nikaendelea kutafuna.