Kitabu Kifuani

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ya picha Moshi mjini. Desemba ikifika, watu wa mlimani wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na mimi sipati hata nafasi ya kukaa. Ukutani nilikuwa na kalenda ya misheni yenye picha za watu waliochorwa Italia karne nyingi zilizopita. Ndiyo iliyonifundisha kazi. Tajiri hacheki. Anageuza bega kidogo ili pete na manyoya ya koti yaonekane. Msomi ameingiza kidole katikati ya kitabu, kana kwamba umemkatiza na anangoja uondoke aendelee. Wanawake wamepewa ua, au mkufu, au vyote viwili. Nami nikafuata hivyo hivyo: wanaume niliwashikisha kitabu kinene cha sheria ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, wanawake maua ya plastiki. Wateja waliridhika. Mimi nilichoka.

Desemba moja wanaume wawili walimleta mama yao, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza huko juu mpaka macho yakagoma. Alikuwa mgonjwa, na picha ile wote tulijua ni ya nini. Kwetu huwekwa juu ya jeneza, kisha hutundikwa sebuleni, na wajukuu watakaozaliwa baadaye humjua bibi yao kwa hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Wanawe wakamvua miwani, wakampa maua. Bila miwani hakuona pa kutazama, na kila taa ilipowaka alifumba macho.

Kesho yake alirudi peke yake, akitokea hospitali, akihema.

"Jana mmenipiga kama bibi harusi," akasema. "Leo nipige mimi."

Akavaa miwani. Akatoa mkobani kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, kimechakaa, akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kidole kikiwa ndani. Kalenda hakuitazama hata mara moja. Picha ile niliipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Alifariki kabla ya Pasaka. Mwanawe mkubwa akaja kuchukua picha ya jeneza. Ile ya maua haikufaa, macho yamefumbwa. Nikampa ya kitabu. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Sura imetoka vizuri," akasema. "Ila hapa ni mwalimu. Sisi tunamzika mama. Hicho kitabu kikate."

"Alikichagua mwenyewe, kaka."

"Najua. Jioni zote alibaki shuleni na watoto wa watu, sisi tunamsubiri nyumbani na njaa."

Nikamwonyesha tu kwamba kitabu kiko kifuani. Nikikikata, naondoa na mikono yake.

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Kata," akasema.