Mahali Pamoja Panapovuja

Fundi wa mabati huyu watu walimwita Mkavu, wala si kwa ajili ya wembamba wake. Katika miaka ishirini na sita ya kupanda na kushuka ngazi, hakuna paa lake lililowahi kudondosha hata tone. Mvua kubwa ikianza, mafundi wenzake walizima simu. Yeye alitoka barazani, akaketi kuisikiliza kama mtu anayesomewa sifa zake.

Kisha kiwanda cha soksi kikaungua. Ilikuwa siku ya mapumziko, hakuna aliyeumia, ila moto ulipasua paa katikati, kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa wiki mbili wafanyakazi wakashona chini ya mwanya huo. Mkewe Mkavu, mshonaji wa vidole vya soksi kwenye mashine ya saba, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu yake. Kabla ya hapo, kila juma alizimia kwa joto na kuletwa juu ya mkokoteni wa marobota.

"Baba watoto," akamwambia mumewe, "moto umetujengea vizuri kuliko waliojenga. Ukiziba ule mwanya, tafuta na wa kunibeba."

Kwa hiyo Mkavu alipopewa kazi ya paa, alichora mwanya ule ule, na juu yake kofia ya bati iliyoinuliwa shubiri moja, joto litoke na mvua isiingie. Msimamizi wa kiwanda alifurahi. Mkaguzi wa bima alitoa karatasi.

"Bima inarudisha jengo kama lilivyokuwa. Soma mwenyewe, fundi."

Mkavu akasoma. Madirisha manne, yasiyofunguka. Mahali pamoja panapovuja, juu ya mashine ya saba. Ndoo moja, ya bluu. Mwanya haukuwemo.

"Hapa panapovuja mimi nitajenga pasivuje."

"Basi siweki sahihi. Mteja wetu alikuwa na panapovuja. Nikimnyima, nimempunja."

"Mzee, hebu toboa kidogo tu," msimamizi akanong'ona. "Msumari mmoja."

"Bati jipya? Kwa mkono huu?" Mkavu akauficha mkono mgongoni kana kwamba wanataka kuukata.

Siku tatu hakupanda ngazi. Mkewe alimkuta amelala chali sakafuni, macho darini.

"Unaliwaza jina lako au unaniwaza mimi?"

"Nyote wawili."

"Jina lako halijawahi kuzimia."

Asubuhi Mkavu akamfuata mkaguzi. "Hapo panapovuja, ukubwa wake umeandikwa?"

Mkaguzi akageuza karatasi mbele na nyuma, akaiinua hata kwenye mwanga. "Haujaandikwa."

"Basi ni padogo au pakubwa, nitakavyo mimi."

"Ni sawa. Ila pawe pamoja, na pavuje."

Mkavu akajenga mwanya wake uwe ndipo hapo panapovuja, ukuta hadi ukuta, na kofia juu. Siku ya mwisho alipanda peke yake hadi juu ya mashine ya saba, akafumba macho, akapiga msumari mmoja kwenye kofia, akauchomoa. Alishuka taratibu kama mtu anayetoka kuzika.

Mkaguzi akaja na mpira wa maji, akaamuru paa limwagiwe. Washonaji wote wakasimama, shingo juu. Kisha, to! Tone moja likaanguka ndani ya ndoo ya bluu.

"Mahali pamoja, panavuja," mkaguzi akasema, akatia alama. "Kama lilivyokuwa." Akatoa leso ajifute jasho, akakuta hana. "Leo hali ya hewa ni nzuri," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo mkokoteni hubeba soksi tu. Jina la Mkavu limekufa. Siku hizi ni Fundi Ndoo. Mvua ikianza, majirani humpigia kelele barazani, "Ndoo, unajaa huko!" naye huitikia, "Acha ijae!" Ndoo yenyewe mkewe huimwaga kwa mkono wake, kisha hurudi nyumbani akitembea, tena haraka, maana hana mwavuli.