Siku Niliposema Roketi Isiruke

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunijia bila kuitwa, niwe naosha vyombo au nangoja basi hapa Wembley. Nakumbuka nimekaa katika chumba kikubwa chenye baridi ya mashine, skrini mbele yangu, spika za kuvaa masikioni, na sauti ya mwanamume inatuuliza mmoja mmoja: uko tayari? Wote walikuwa wameshajibu ndiyo. Zamu ikanifikia mimi. Keti nikwambie ilivyokuwa. Sisi wazee tuna haraka ya kusimulia, lakini hatuna uwezo wa kusimulia kwa haraka, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa mhandisi. Watu wa mtaani walidhani natengeneza ndege, na sikuwasahihisha, maana ukweli wenyewe ungewachanganya zaidi. Roketi, mwanangu, haina rubani. Inapopanda kupeleka setilaiti huko juu, hakuna mtu ndani wa kushika usukani. Rubani wake ni kompyuta, na macho ya kompyuta hiyo ni vifaa vidogo vinavyohisi roketi imeinamia wapi na inakwenda kasi gani. Kazi yetu ilikuwa kuiandikia kompyuta ile programu ya kufuata, kisha kwenda nayo hadi kituo cha kurushia na kukaa nayo mpaka iondoke. Kampuni yetu ilikuwa kaskazini ya London, mwendo mfupi wa basi kutoka Stanmore. Niliingia pale miaka ya tisini ikiwa bado mibichi, msichana pekee katika chumba chetu na mwenye ushungi pekee katika jengo zima.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alitangulia mbele ya haki nikiwa bado skuli. Tulitoka Pemba nikiwa mtoto wa kubebwa, katika miaka ile ambayo watu waliondoka bila kuaga. Kule Wete baba alikuwa mwalimu. Hapa alikagua tiketi kwenye lango la uwanja wa mpira mpaka magoti yakamshinda. Tangu atoke hakuwahi kurudi. Kwanza haikuwezekana. Ilipowezekana, mama akawa mgonjwa. Mama alipokwenda, nikawa mimi: ngoja mtoto amalize chuo, ngoja apate kazi, ngoja kazi itulie. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini baba hakulalamika. Alikuwa akifungua dirisha la jikoni asubuhi, anaangalia mvua ya London ambayo haina sauti, anasema, “Hii nayo mvua?” Kisha analifunga.

Basi mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikata tiketi mbili za kwenda Pemba, yake na yangu. Nilipanga tuondoke wiki moja baada ya roketi yangu kurushwa. Laiti ungemwona! Sanduku lilifungwa na kufunguliwa kila siku. Kanga za dada zake, miwani ya kusomea, dawa za maumivu ya mgongo, chokoleti za watoto wa watoto ambao hakuwajua hata majina. Msikitini hakuna aliyebaki bila kuambiwa. “Nakwenda na binti yangu,” akisema, kama kwamba kwenda na mimi ndiyo safari yenyewe.

Nami nikaenda kwenye roketi yangu.

Kituo chetu kilikuwa Amerika ya Kusini, karibu na mstari wa ikweta. Hakuna aliyenitahadharisha, mwanangu. Niliposhuka kwenye ndege nilikutana na joto zito, na harufu ya udongo ulionyeshewa, na miguu yangu ikasita. Nilikuwa sikumbuki kitu cha Pemba, au nilijidanganya sikumbuki. Mwishoni mwa wiki nilikwenda sokoni, nikakuta muhogo, ndizi mbichi, samaki wa kukaanga. Bibi mmoja mweusi aliyekuwa akiuza pilipili alinisemesha lugha ya kwao kama mtu anayemsemesha mtoto wa jirani. Sikufahamu hata neno. Nilinunua pilipili nisizozihitaji, nikarudi hotelini nikalia, nikijiambia, haidhuru, wiki chache zijazo nitasimama kwenye soko lenyewe hasa, pamoja na baba.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku moja kabla ya kurusha, tulifanya zoezi la mwisho, roketi ikiwa imesimama mahali pake, mitambo yote inawaka kama siku ya safari. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia namba zinazotoka kwenye vile vifaa vya kuhisi mwelekeo. Katikati ya zoezi, namba moja iliruka. Iliruka mara moja, kama kope inavyopepesa, ikarudi mahali pake. Tulirudia jaribio. Kimya. Tukarudia tena. Kimya. Wenzangu wakasema ni umeme tu unaochezacheza kwenye nyaya, jambo la kawaida. Na huenda lingekuwa la kawaida. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na vifaa vile muda mrefu, na sikuwahi kuona vikiruka hivyo.

Nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza? Si kwa kuwaogopa. Nilikuwa najua kwamba nikilisema, roketi itarudishwa bandani na kufunguliwa, na hiyo si kazi ya siku mbili. Tiketi zangu nilizitia kwenye mizani pamoja na namba ile, na tiketi zikawa nzito.

Mkuu wa kikundi chetu alikuwa Mzee Harjit, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, mtoto wa fundi wa mbao. Ofisini London kila mtu alimwita kwa jina tupu, isipokuwa mimi. Tukiwa wawili tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, na Waingereza wakidhani tunapanga njama. Mchana ule alinikuta nje, nimesimama juani, chakula sijakigusa.

“Zuhura, kwenye zoezi ulikuwa umekodoa macho. Nini umeona?”

“Nafikiri mambo yako sawa, Mzee.”

“Sijakuuliza unafikiri nini. Nimeuliza umeona nini.”

Nikamwambia. Nikamweleza namba ilivyoruka na kurudi. Nikaongeza, kwa sauti ndogo, habari za tiketi na baba na sanduku. Nilitaraji ataniambia pole.

“Mimi pia sijarudi Nakuru,” akasema. “Miaka mingi. Kwa hivyo usidhani sielewi. Lakini wewe unataka kuficha ugonjwa ndio uwahi safari? Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo nilifunzwa na mama mboga wa mtaani kwetu, nikiwa mtoto.”

“Basi iseme wewe, Mzee. Wewe ndiye mkubwa.”

“Hapana.” Hakupaza sauti, lakini kila nikilikumbuka neno lile nahisi kama nimepigwa kofi. “Skrini ni yako. Macho ni yako. Leo nikisema badala yako, siku ingine utaona kitu kibaya zaidi na utageuka kunitafuta, na mimi sitakuwa hapo. Ukikaa kwenye kiti kile, mdomo wako ni sehemu ya roketi. Ukinyamaza, umeharibika kama waya.”

Akaniacha palepale na jua langu.

Alasiri tukarudi chumbani, na ile sauti ikaanza kutuuliza kama roketi irushwe kesho. Tayari. Tayari. Tayari. Ilipofika kwangu nilisema, “Si tayari.”

Chumba kizima kiligeuka. Mkurugenzi wa urushaji, Mfaransa mrefu mwenye subira fupi, alikuja mpaka kwenye meza yangu. Akaniuliza kama nina uhakika.

“Nina uhakika wa nilichokiona,” nikamjibu. “Sababu yake siijui.”

“Umesimamisha kazi ya watu wote hawa kwa kitu usichokijua?”

“Kwa kitu nilichokiona.”

Mzee Harjit alikuwa amekaa nyuma yangu. Hakunitetea wala hakukohoa. Wakati ule nilimchukia. Leo najua aliniachia heshima yangu nzima, hakunimegea hata kipande. Mfaransa akarudi mahali pake, akaamuru roketi irudishwe bandani.

Jioni, jua bado lipo, nilimpigia baba simu kutoka hotelini. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi.

“Hiyo roketi yenu ingekosea njia, ingeanguka wapi?” akaniuliza.

“Baharini, baba. Au juu ya watu.”

“Basi umefanya vyema. Mama yako angefurahi.”

“Nitabadilisha tiketi. Nivumilie kidogo tu, wiki chache, kisha tutakwenda.”

Nikamsikia akilifunga dirisha la jikoni.

“Zuhura, mwanangu. Roketi yenu ikiwa na kasoro inarudishwa bandani, inatengenezwa, inangoja. Mimi siye. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nitakwenda siku ileile.”

“Peke yako? Na magoti hayo?”

“Nilitoka na mtoto mgongoni, sitashindwa kurudi na sanduku. Wewe maliza kazi yako. Utanikuta.”

Nilimsihi. Nilifika hata kukasirika, Mungu anisamehe, nikamwambia anafanya kama mtoto. Akacheka kidogo, akaniombea dua, akakata simu. Jirani yetu wa Queensbury, Bi Kanta, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ndiye aliyemfikisha uwanja wa ndege. Aliniambia baadaye kwamba baba alikataa kukaa kwenye kiti, alisimama kwenye foleni mapema mno, kofia kichwani na pasi ya kusafiria mkononi, kama mtu anayechelea mlango kufungwa.

Huku kituoni, mafundi walifungua roketi. Wakakuta plagi moja ina pini iliyopasuka. Ikitulia, inagusa. Ikitikisika, inaachia. Na roketi inapopaa, hakuna kinachotulia. Ingefika juu kidogo, kompyuta yetu ingepofuka. Mfaransa alinijia mbele za watu akanipa mkono, akaushika kwa muda. Plagi mpya ikaagizwa kutoka Ulaya, majaribio yakaanza upya, na hatimaye, asubuhi moja isiyo na wingu, ikaruka.

Sitakuficha, mwanangu: hakuna kitu nilichokiona kizuri kama kile. Mwanga kwanza, kimya, kisha mngurumo unakufikia kifuani kabla ya masikio. Namba zangu zilipita kwenye skrini zote zimetulia. Watu wakakumbatiana. Mimi pia nilikumbatiana nao, nikilia, na kila mtu alidhani nailia roketi.

Nilipiga simu kwenye duka moja la Wete ambako baba alikuwa akiitwa. “Imeruka, baba!”

“Alhamdulillahi! Na imefika?”

“Imefika.”

“Na mimi nimefika,” akasema. “Zuhura, mimi sirudi huko tena. Wewe njoo.”

Nikamwambia nakuja. Lakini roketi iliyofuata ilikuwa imeshachelewa kwa sababu ya ile ya kwanza, nami sasa nilikuwa mtu anayetakiwa, mwanamke aliyeona pini kabla ya mafundi. Nikasema nikimaliza hii. Kisha nikasema mvua za masika zipite. Kila simu baba aliniuliza, “Lini?” na kila simu nilikuwa na jibu zuri. Halafu siku moja mwenye duka ndiye aliyepiga, si baba.

Nilifika Pemba amekwisha kuzikwa. Shangazi zangu, ambao nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, walinipokea kwa machozi na uji wa moto. Siku ya pili akaja jirani, mwanamke mnene mcheshi, kutoa rambirambi. Akaketi mkekani, akanishika goti.

“Tutamkosa kwa kicheko chake,” akasema. “Mwalimu akicheka, sisi nyumba ya tatu twamsikia. Watoto wakija makusudi kumchekesha.”

Nilimtazama nikidhani amekosea nyumba. Kwa maana baba yangu, mwanangu, nimeishi naye maisha yangu yote katika fleti yenye kuta nyembamba, na kicheko alichokuwa nacho ni kile kidogo cha kwenye simu, cha mtu anayechelea kuwasumbua wa chini. Hicho kikubwa, cha nyumba ya tatu, sikuwahi kukisikia. Watoto wa Wete wamekisikia. Mwenye duka amekisikia. Niliwaomba wanioneshe kilivyokuwa. Wakajaribu, masikini, wakicheka na kulia pamoja. Hakikuwa chenyewe.

Niliendelea na kazi hadi nilipostaafu. Nimeona roketi nyingi zikiondoka. Sasa wanangu wa kuwazaa wananijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili, nami siwalaumu, hiyo ndiyo lugha niliyorudi nayo kutoka kazini kila jioni. Lakini zipo Jumamosi ambazo vijana wa fleti ya juu wanacheka kwa nguvu, na majirani wanagonga kuta kuwanyamazisha, na mimi nazima redio ili nisikilize.

Sasa shika haya. Ukiona jambo, liseme kama ulivyoliona, hata kama ulimi wako utakugharimu kitu unachokitamani kuliko vyote. Kile nilichokisema chumbani mle sikijutii, na kikirudi leo nitakisema tena. Lakini usichanganye ukweli ule na hizo ngoja zilizofuata. Ukweli ulinichelewesha wiki chache. Zile nyingine nilizikata mwenyewe kama tiketi, moja moja, kwa ulimi uleule. Kazi ikikwambia ngoja, ngoja wewe; usimngojeshe mzazi. Na kama amekwambia “njoo,” usimjibu kwa neno, mjibu kwa kubisha hodi.

Haya, nenda, mwanangu. Mola akupe ulimi usioogopa wakubwa, akupe viongozi watakaokuachia useme mwenyewe, na awaweke wako wakiwa na afya, wakicheka kwa sauti zao zote, mpaka ufike na wewe uwasikie.