Mstari Kwenye Sima

Nyumba ya Bi Esha ilinuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua ili mbao zisioze. Mumewe alikuwa fundi wa mashua pale kisiwani Chovai, na harufu ya kazi yake ilibaki ukutani hata baada ya yeye kuzikwa. Kila adhuhuri nilipelekwa kula na Bi Esha, maana kwetu mwanamke mzee aliyefiwa hakuachwa ale peke yake. Nyumba ya jirani ilitoa mtoto. Jirani tulikuwa sisi, na sisi ndio tuliokuwa maadui zake. Fundi yule alikuwa babu yangu, na Bi Esha alikuwa mke mwenza wa bibi yangu Fatuma. Walitukanana mpaka bibi akafa. Chuki iliyobaki ikanihamia mimi, kwa kuwa nilizaliwa na pua ya Fatuma.

"Umechelewa," ndiyo iliyokuwa salamu yake. "Pua imefika zamani, mwenyewe bado yuko njiani."

"Shikamoo, bibi."

"Bibi yako yuko kaburini. Kaa."

Nikishaweka sahani niliyotoka nayo kwetu, alichora mstari katikati ya sima kwa ukucha, akanionyesha upande wangu. Alisema bibi yangu alikuwa mwizi wa minofu. Siku moja nikamjibu kwamba yeye alikuwa mwizi wa waume, akanichapa kwa pepeo la ukindu mpaka likavunjika mpini. Nilimshitaki kwa mama nikilia. Mama, ambaye hakumpenda hata kidogo, alicheka, kisha akafuta uso. "Umesema kweli," akaniambia, "na kesho utakwenda." Nikaenda. Sikumpenda Bi Esha, wala sitadai leo kwamba nilimpenda.

Vita vilipofika Kismayu tulivisikia kwa mbali, kama habari za watu wengine. Kisha wenye bunduki wakavuka hadi kisiwani. Walichukua nyavu, wakarudi kuchukua injini za mashua, halafu wakaanza kuingia majumbani. Wanaume wakakubaliana tuhamie Kenya kwa mashua moja iliyobaki imefichwa. Mama akaenda mwenyewe kwa Bi Esha, mara ya kwanza tangu nizaliwe, nami nikiwa nyuma yake.

"Nafasi yako ipo, mama. Twende."

"Nikakae kambini na ukoo wa Fatuma? Mimi si mtu wa kambi. Makaburi yangu yako hapa, na choo changu kiko hapa."

"Watakuua."

"Basi wasichelewe kama mwanao."

Mama alimsihi, akamtukana, akamsihi tena. Mwishowe akarudi nyumbani akasonga sima, akanipa nipeleke kama kawaida, huku wenzetu wakipakia vyombo. Bi Esha akachora mstari. Tukala, kila mmoja upande wake. Nilipoinuka akasema, "Kesho usichelewe." Alijua tunaondoka. Sijui kama alinikejeli au alisahau, na sitamtilia maneno mdomoni.

Waliotufuata kambini walisema amekufa. Hawakujua lini, wala nani aliyemzika. Mama aliwauliza jambo moja tu: "Alikuwa akila na nani?"

Sasa tuko Mombasa, na mama ndiye mzee. Mimi niko sokoni tangu asubuhi, kwa hiyo nimemtafutia binti wa kukaa naye. Ni binti mwenye adabu. Anapakua chakula kwenye sahani ya mama, kisha anakaa pembeni na simu yake, akisubiri sahani iishe. Juzi nilimuuliza mama kama anamfaa. Akasema, "Hajanitukana hata siku moja. Ni kama hakuna mtu humu ndani."

Jana nilifunga meza yangu mapema nikaja kula naye. Nilisonga sima, nikaitia kwenye sahani moja, nikaketi mbele yake kwenye mkeka. Mama alinitazama kwa hasira.

"Umechelewa," akasema, akavuta sahani karibu yake.